Ubavu wa Kumi na Tano

Boti yetu ilikuwa na mbavu kumi na tisa za chuma, na mimi niligonga kumi na nne. Naitaja hesabu hiyo mapema kabla sijaanza kujipamba, maana mengine yote yametoka humo.

Nikiwaambia walimu wenzangu hapa Garissa kwamba niliwahi kuishi ndani ya boti, wanacheka. Boti gani, kwenye vumbi hili? Ni watu wa mjini, hawajashuka mashambani. Mto Tana upo pale pale ulipo, kando yake kuna migomba na mipapai, na katikati ya mashamba unapita mfereji mkuu unaoyapa maji. Zamani mradi wa mashamba ulikuwa na boti ya chuma ya kung'oa magugu yaliyoziba mfereji huo. Ilikuwa ndefu kama tela la lori, na nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana ndani lazima mmoja aombe radhi. Baba yangu ndiye aliyeiendesha. Pampu ya mradi ilipokufa, wakubwa wakaondoka na magari yao, boti ikabaki imefungwa kwa mnyororo kwenye mti wa mathenge. Baba alibaki nayo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Kisha mto ulifurika ukachukua nyumba yetu ya udongo pamoja na choo. Majirani walihamia kwenye mahema kando ya barabara. Baba alisema ana nyumba inayojua kuelea, ya nini kwenda kulala chini ya turubai? Tukaingia botini na magodoro mawili, jiko la mkaa, sanduku la mama na mbuzi mmoja aliyekataa kata kata kupanda. Mafuriko yaliisha, mahema yakaondoka, sisi tukabaki pale pale. Nami wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa ambayo sitaieleza hapa. Nilikuwa nikifundisha darasa la nne asubuhi, na mchana nilikuwa msaidizi wa baba.

Baba alikuwa mtu wa mto, wa jamii zile za kandokando zinazovua na kulima. Mama ni Msomali wa upande wa Hulugho, binti wa wafuga ngamia, na mpaka leo hajui kuogelea hata hatua mbili. Walikutana katika Kiswahili, kila mmoja akiwa na lugha yake nyumbani kwao, na Kiswahili hicho cha sokoni ndicho kilichotulea, ingawa mpaka leo kinywani mwa mama p huwa b na v huwa f. Dada yake mama, habaryar wangu, alikuja kutuona mara ya kwanza akasimama ukingoni ameshika kichwa. "Mume wako ameweka wewe juu ya maji kama bata!" Mama alicheka, akamjibu kwamba wao wawili wamezaliwa katika nyumba ya kubebwa na ngamia. Nyumba kutembea ni jambo gani geni? Hiyo ilikuwa hoja yake, na hatukuwahi kumshinda.

Kazi ya boti ni kutu. Watu hudhani ni maji, lakini maji huyaoni, kutu ndiyo unayoshughulika nayo kila siku ya Mungu. Mara mbili kwa mwaka geti la juu hufungwa ili mfereji usafishwe, maji hushuka, na boti hukaa kwenye tope. Hapo ndipo baba alipokuwa akiikagua. Tulikuwa tukiondoa mbao za sakafu, tunatoa mifuko ya mchanga iliyoipa uzito, tunakwangua kutu kwa patasi, kisha tunagonga. Sakafu ile ya chuma ilishikiliwa na mbavu kumi na tisa, na kati ya ubavu mmoja na mwingine ilibidi ugonge kila mahali, upana wa kiganja kwa kiganja. Unagonga mara mbili, unatulia, unasikiliza. Chuma kizima hulia ngii, na mlio unabaki hewani kidogo. Chuma kilicholiwa husema bwe na kunyamaza. Palipo na bwe unatia alama ya chaki, na baadaye unaweka kiraka cha bati la pipa, chini yake kipande cha tyubu ya gari, bolti nne, na lami iliyochemshwa kwenye sufuria isiyofaa tena kwa kitu kingine. Baba aliweza kusikia bwe akiwa ukingoni anakunywa chai. "Rudi hapo," alikuwa akiniambia, "umepita haraka."

Mwaka ninaousimulia, geti lilifungwa mwezi wa Ramadhani. Baba alikuwa na maumivu ya mgongo, akanipa mimi nyundo. Nilianza mbele saa nne asubuhi. Kufikia alasiri nilikuwa nimefika ubavu wa kumi na nne, nimefunga, ulimi umegeuka ubao, na bati la juu la boti linachoma ukiligusa. Mbavu tano zilizobaki zilikuwa upande wa nyuma, chini ya kitanda cha mama. Ingenibidi nimwamshe, nihamishe kitanda na sanduku, niinue mbao, nitoe mifuko minane ya mchanga. Nilisimama pale nikilitazama pazia lililotenga upande wake. Nikafunga nyundo kwenye gunia, nikatoka.

Baba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mgomba.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, aabo."

"Mpaka nyuma?"

"Mpaka nyuma."

Hakuwa na shaka nami. Ilikuwa desturi yake tu, aliwauliza hivyo hata mafundi waliomzidi umri. "Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, na midomo yangu mikavu ya saumu.

Nilijiambia nitamalizia kesho. Kesho nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na keshokutwa geti likafunguliwa. Sina udhuru mwingine. Nilikuwa mvivu kwa alasiri moja, na nilikuwa mwongo kwa sababu ya uvivu, wala si kwa sababu ya jambo lolote kubwa la kusimulia.

Wiki moja baada ya Idi, boti ilianza kuingiza maji. Kidogo tu, nusu debe kwa siku. Maji ya ndani huteremkia nyuma penye uzito, kwa hiyo kuyakuta nyuma hakukuonyesha yalikoingilia. Baba alikagua mbele, akakagua katikati, akaona viraka vyetu vyote vimekauka vizuri. Aliniuliza mara ya pili kuhusu nyuma. Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa amechuchumaa, ana tochi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidiwa. Nikamwambia nyuma nimepagonga pote, panalia ngii.

"Basi ni kwa nje," akasema. "Ni ile mshono ya mbele."

Alivua shati, akaingia kwenye mfereji ili apapase mshono huo kwa mikono chini ya maji. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, watu wako mashambani wanapalilia. Alizama mara ya kwanza akaibuka, akatema maji, akasema hajaona kitu. Akazama mara ya pili. Mbele ya boti ilikuwa jirani na geti dogo la kugawa maji, na siku hiyo maji yalikuwa mengi, yakivuta kwa nguvu kuelekea kwenye nondo zake. Nilimsubiri nikiwa nimeshika taulo. Wakulima ndio waliomtoa, wawili wakimvuta na mmoja akifunga geti.

Alizikwa kabla ya alasiri. Nilirudi botini, nikachukua nyundo kutoka kwenye gunia, nikaenda mpaka katikati ya daraja la mashamba nikaitupa mfereji ulipo na kina. Nilitaka nisiione tena maishani. Habaryar alikuwa anatazama, akadhani ni wazimu wa msiba, akanifunika shuka.

Hapo ndipo eda ya mama ilipoanza, miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na nyumba ya mama ilikuwa boti. Habaryar alitaka kumchukua Hulugho. Sheikh wa msikiti wa soko alikuja mwenyewe, akasimama ukingoni akiwa amekunja kanzu ili isishike tope, akasema kwa upole kwamba kama nyumba ina hatari, mjane anaruhusiwa kuhama, Mwenyezi Mungu hakutaka mtu azame kwa ajili ya eda. Mama alimjibu kutoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, sisi watu ya ngamia, mwanamke akiwa kwa eda na familia inahama, nyumba inahama na yeye. Si ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi hii nyumba haijahama hata. Mimi nakaa."

Sheikh alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningepata jibu. Angejua!

Kwa hiyo boti haikuweza kutolewa majini. Kuitoa maana yake ni kuondoa vyote vilivyomo na kuilaza ubavu, na ndani yake kulikuwa na mwanamke aliyevaa nyeupe ambaye hangetoka. Mama alikaa upande wa nyuma, kitanda chake juu ya ubavu wa kumi na tano hadi wa mwisho, pazia limeshushwa. Hakuchoma tena uunsi, maana manukato hayaruhusiwi katika eda, na boti ambayo siku zote ilinuka udi ikabaki kunuka lami na chuma. Mimi nilikaa mbele. Kila asubuhi niliinua ubao mmoja karibu na pazia, nikachota maji kwa kopo na kumimina nje. Mwanzo yalikuwa nusu debe. Mwezi wa kwanza ukiisha yalikuwa debe mbili.

Nilijua yanapoingilia. Ningeweza kumwambia, hooyo, inuka kidogo, nihamishe kitanda, kuna sehemu sikuigonga. Sentensi fupi. Lakini aliyesikia sentensi hiyo angeuliza ya pili, na ya pili ingemfikisha baba kwenye geti. Niliogopa mama atanitazama vipi baada ya hapo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa boti kuzama, na hilo naliandika kwa aibu.

Mlio ulianza mwezi wa pili.

Nilikuwa ukingoni nakatakata mchicha, baada tu ya swala ya alasiri. Nikasikia kutoka kwenye boti: ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kimya. Nilidhani mama anagonga kikombe kuomba chai, nikapeleka chai. Alikuwa bado juu ya mswala. Siku ya pili, saa ile ile, ukaja tena. Mara mbili, kisha kutulia kwa mtu anayesikiliza, kisha mara mbili tena, umesogea upana wa kiganja. Mwili wangu uliufahamu mlio ule kabla sijataka kuufahamu. Mikono yangu iliacha kisu.

Ndani ya chuma sauti haina mahali, ukiwa mbele inatoka nyuma, ukiwa nyuma inatoka chini ya miguu yako. Nilijaribu kila kitu ambacho mwalimu wa darasa la nne angejaribu. Nilisema ni kambare wanajipigapiga kwenye boti. Nilisema ni chuma kinachopoa jua likipungua. Nilifunga mnyororo upya usigonge. Kambare hawahesabu mpaka mbili, na siku za mawingu ambapo hakukuwa na joto la kupoa, mlio ulikuja vile vile.

Alasiri moja nilishikwa na hasira. Hasira ya kweli, ya kumkasirikia mtu. Nilishuka, nikatembea ukingoni mpaka usawa wa nyuma, penye kidirisha cha mama. Maji yalikuwa yametulia, hayana hata kiwimbi. Mlio uliendelea, ko, ko, pale pale mbele yangu, na hakuna kilichogusa boti. Upepo uliinua kitambaa cha kidirisha nikaona mikono ya mama, yote miwili, inavuta tasbihi. Haikuwa yeye basi.

"Hooyo," nikaita, "unasikia?"

"Nasikia," akajibu, ametulia kabisa. "Endelea tu, hooyo. Hunisumbui."

Akina mama wa Kisomali huwaita watoto wao kwa jina lao wenyewe, hooyo kwa hooyo. Nilisimama pale nikitafakari ameniambia niendelee na nini. Na kilio, nikadhani. Nikarudi kwenye mchicha wangu.

Mwezi wa tatu maji yalifika debe nne. Nilianza kuchota na jioni pia. Nikiwa darasani nafundisha, nilikuwa nayaona maji yakipanda chini ya kitanda cha mwanamke asiyejua kuogelea. Nikawa nakimbia njia nzima ya kurudi, wauza miraa wakinicheka. Nilifunga siku tatu, kisha siku tatu nyingine, kufidia kiapo kile cha uongo, bila kumwambia mtu. Na kila alasiri, mfungo au bila mfungo, aliyekuwa akigonga aligonga. Nilianza kuhesabu mbavu nikiwa ukingoni, mkabala na mlio. Ulipoanza ulikuwa kwenye ubavu wa kumi na tano. Kufikia mwezi wa nne ulikuwa umefika wa kumi na nane. Pole pole, kwa uangalifu, namna ambayo mimi sijawahi kugonga.

Nilimwogopa baba. Ni jambo baya kulisema juu ya mtu ambaye hakuwahi kuniinulia hata kidole. Sikuogopa kwamba atanidhuru. Niliogopa kwamba ananifanyia kazi yangu, na mgongo unamuuma.

Eda iliisha siku ya Alhamisi, juma lile lile geti la juu lilipofungwa kwa usafishaji. Maji yalishuka, na boti ikatua kwenye tope ikiwa nzima, na mama ndani yake. Habaryar alifika na wanawake wengine. Walimwogesha, wakamvika dera la rangi ya zambarau, wakachoma uunsi mpaka macho yetu yakatoka machozi. Kisha mama alitoka. Alitembea juu ya ubao hadi ukingoni, magoti yamekaza kwa miezi ya kukaa, akaketi kwenye mkeka akitazama boti kwa nje kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Wanawake walipokwenda kupakua wali, tulibaki wawili. Alinishika mkono akaugeuza, akaangalia kiganja.

"Fizuri," akasema. "Ulifika mwisho?"

"Mwisho wa nini, hooyo?"

"Kazi. Kila alasiri nasikia wewe unabiga huko nje, bole bole. Nikasema alhamdulillahi, mtoto anamalizia ile aliacha."

Kitu cha kwanza kilichonijia akilini kilikuwa cha kijinga: kwamba nyundo ilikuwa chini ya daraja, ndani ya tope. Cha pili kilichukua muda kidogo.

"Ile niliyoacha," nikasema.

"Siku ya Ramadhani. Mimi nilikuwa juu ya kitanda, sikulala. Nyundo ilikuja, ikakaribia, ikasimama kwa bazia. Haikufika kwangu." Alikuwa bado ameshika kiganja changu. "Halafu nikasikia wewe unaabia baba yako, wallahi. Nikanyamaza. Nikasema jua kali, mtoto amefunga, wacha. Siku ile aliingia kwa maji, bia nilinyamaza. Wewe ulisema mbili. Mimi nilinyamaza mbili."

Niliyatunga maneno yangu miezi minne, na yote yalikuwa yamepotea. Nilimwambia tu lile lililobaki.

"Hooyo, haikuwa mimi. Nyundo niliitupa siku ya mazishi. Sijagonga hata mara moja."

Mama aliacha mkono wangu. Aliitazama boti muda mrefu, upande wa nyuma, chini ya kidirisha chake. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Nilidhani atalia, au atamwita habaryar, au atasema ni kambare. Hakuniuliza ni nani. Mimi pia sikumuuliza, na hatujaulizana hadi leo.

"Tafuta nyundo," akasema mwishowe.

Nilipanda barabarani kwa fundi wa malori yaendayo Modogashe, nikaazima nyundo yake. Niliingia ndani peke yangu, nikavuta pazia, nikahamisha kitanda na sanduku, nikatoa mifuko minane ya mchanga mmoja mmoja. Niliinua mbao. Chuma kilikuwa chekundu na chenye maji. Nilitia goti kwenye ubavu wa kumi na tano, nikagonga mara mbili, nikatulia.

Bwe.

Nje, ukingoni, mama alikuwa ameisikia. "Hiyo moja," akaita. "Weka alama. Endelea."